Chupa ya Mafuta ya Samaki

Juzi mjukuu wa mdogo wangu aliniletea kopo la vidonge kutoka Dar es Salaam. Vitamini za wazee, alisema, na akaniandikia kwenye karatasi: kimoja asubuhi, baada ya chai. Ni binti mwema na nilimshukuru kwa mikono miwili. Lakini alipoondoka nilikaa nikilitazama lile kopo mezani, na kinyongo cha zamani kikaamka. Miaka themanini nimeipita. Mama alishakufa, mdogo wangu naye alishakufa, na bado watu wa mdogo wangu wanaendelea kuleta dawa za nguvu katika nyumba ambayo mimi ndiye mpishi. Nilimeza kimoja. Hakikuwa na ladha yoyote.

Nieleze ugomvi wangu na chupa ulianzia wapi, nisije nikaonekana bibi asiye na shukrani.

Wakati wa Mwingereza tulikaa Kichiwa, kando ya njia ya kutoka Njombe kwenda Makambako. Tulizaliwa wengi, tukabaki wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea. Mume wangu alifariki mwaka wa pili wa ndoa, nami nikarudi kwa mama na jembe langu na sanduku moja la bati. Mdogo wangu alikuwa ameshaondoka na wenzake kwenda Tanga kukata mkonge. Baadaye akapata kazi ya kufagia na kuchemsha vyombo katika hospitali ya shamba, akaanza kujiona naye ni mganga.

Mama alikuwa anazeeka, na macho yake ya jioni yakaanza kumtoka. Mchana aliona vizuri, hata kunguru aliyetua juu ya mahindi ya jirani alimwona. Lakini jua likishuka alianza kupapasa ukuta akitafuta mlango alioupita sasa hivi. Watu walisema ni uzee. Mimi sikukubali. Nilimpeleka Njombe kwa miguu, ameshika bega langu, tukalala njiani kwa ndugu, na kesho yake tukafika zahanati. Dresa wa pale, mfunga vidonda aliyekuwa kama daktari wetu, alimtazama macho, akaniuliza tunakula nini. Nikamwambia: ugali, maharage, viazi.

"Mama huyu macho yake si mabovu," alisema. "Yana njaa. Mpe majani ya maboga yaliyotiwa mafuta, mpe maini, mayai, dagaa. Hivyo vina vitamini."

Neno vitamini nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nililibeba kutoka Njombe mpaka Kichiwa nikilirudia kimoyomoyo nisilidondoshe njiani.

Basi nikaanza kazi. Palipochinjwa ng'ombe nilifika kabla wanaume hawajanoa visu, nikadai ini. Dagaa wa Nyasa walipopandishwa sokoni na wafanyabiashara wa Kikinga, nilinunua fungu. Kazi kubwa ilikuwa mayai. Wanawake wa rika la mama hawakula mayai, kwao lilikuwa jambo la aibu kwa mtu mzima mwenye heshima zake.

"Mimi nile yai?" alinifokea. "Niwanyang'anye kuku watoto wao kwa sababu macho yamechoka?"

Sikubishana naye. Nilivunja yai ndani ya mboga ya maboga yenye karanga zilizotwangwa, nikakoroga mpaka likapotea, na maganda nikayafukia kwenye majivu. Alikula akalamba vidole. Nilifanya hivyo miezi miwili. Kisha jioni moja, jua limeshazama nyuma ya miti ya miwati, kuku akajipenyeza ndani kutafuta pa kulala. Mama akanyanyua ufagio, akamfuata moja kwa moja na kumtoa nje. Hakupapasa chochote. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, nikingoja aseme. Hakusema. Nikajiambia, labda kesho.

Juma lililofuata chupa ikafika.

Ililetwa na mtu wa kijiji cha Kifanya aliyekuwa anarudi kutoka mkonge. Alishuka Makambako akatembea nayo mpaka kwetu, ameifunga katikati ya shuka na blanketi. Ilikuwa chupa ya rangi ya kahawia, na ubavuni ilibandikwa karatasi yenye picha ya samaki. Mafuta ya samaki kutoka kwa mwanao, yule mtu alisema, ni ya kuwatia wazee nguvu, kijiko kimoja kila asubuhi. Nilikagua kama imepata ufa. Haikuwa na ufa.

Siku ya tatu ya kijiko, mama akatangaza kwamba anaona.

Nataka msomaji anielewe. Miezi miwili ya maini, kuamka na umande, kufukia maganda kama mwizi, halafu vijiko vitatu! Na kila asubuhi baada ya sala nililazimika kutazama. Alifungua sanduku lake, akaitoa ile chupa, akaifuta kwa ncha ya khanga ingawa haikuwa na vumbi, akamimina bila kumwaga tone. Alifumba macho akimeza, kama anayepokea Chakula cha Bwana. Harufu ilijaa nyumba nzima. Kisha alishusha pumzi na kusema, "Mtoto huyu!" Na si mimi aliyekuwa akinitaja.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku mbaya zaidi. Jirani yetu, mama mmoja mnene mpenda habari, alipita kwetu kila baada ya ibada.

"Kamwene, mama! Habari ya macho?"

"Kamwene! Macho? Mwanangu wa Tanga amenirudishia. Jana nimetoa kuku nje giza likiwa limeingia."

"Ee! Umezaa, mama."

"Nimezaa."

Mimi nilikuwa pale pale, nikiwapakulia viazi. Yule jirani alinitazama kidogo, akasema viazi vimeiva. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mama yangu aliyekuwepo ndiye ambaye lake halikuwepo. Walisema pia fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwetu ilikuwa imemwua, tena ikapewa na ngozi yake.

Najua mtu wa kwetu akisoma atasema, lakini bibi, ulisahau mwiko? Sikusahau. Wazee wetu hawakumsifu mtoto aliye mbele yao. Aliye mbali alisifiwa kwa sababu jicho la watu haliwezi kumfikia. Aliye karibu ukimsifu umemwonyesha kwa wenye husuda, na katika nyumba iliyozika watoto wengi kama yetu jambo hilo halikuwa la mzaha. Lakini sisi tulikuwa Walutheri. Mama alibatizwa, alikaa benchi la mbele, alizijua nyimbo zote bila kitabu. Nilidhani mambo ya jicho la watu ameyaacha siku ile ile alipolowa kichwa. Na hata kama hakuyaacha, moyo wangu haukutaka kujua mwiko. Ulitaka kusikia mara moja tu, kutoka katika mdomo ule, kwamba macho yale niliyarudisha mimi.

Kilichozidi kuniumiza ni barua. Mimi nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, na mwalimu aliwahi kuwaonyesha wengine mwandiko wangu. Lakini mama alipotaka kumwandikia mdogo wangu alijifunga khanga na kupanda kilima kwenda kwa mwinjilisti, mwendo wa kutosha kuivisha sufuria ya maharage, ili yeye ndiye amwandikie. Majibu yalipokuja aliyapeleka huko huko kusomewa.

"Mama, mimi nipo, kalamu ninayo," nilimwambia.

"Mambo mengine ni ya mtu na mwanawe."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe angalia maharage yasiungue."

Nikaangalia maharage. Niliwaza maneno matamu anayomwambia mwinjilisti ayaandike, mwanangu wa dhahabu, tegemeo langu, mwenye chupa. Siku ile maharage yaliungua na nilimpa hivyo hivyo. Alikula akasema yana moshi kidogo.

Wivu ni mpangaji asiyelipa na asiyehama. Ulikaa kwangu mwezi mmoja, ukaingia wa pili, mpaka siku ambayo mama alikwenda kwenye mkutano wa wanawake wa kanisa na kuniachia nyumba. Nilifungua sanduku, nikachukua chupa, nikaenda nyuma ya jiko nikaimwaga yote iliyobaki kwenye shimo la majivu. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kutosha kurudi mlangoni. Kisha nikaitazama ile chupa tupu mkononi, nikaogopa.

Nifanye nini? Nikakaanga karanga, nikazitwanga, nikazichemsha na kuengua mafuta. Hayakuwa na harufu ya samaki, kwa hiyo nikaponda dagaa wa Nyasa pamoja na vichwa vyao, nikawatia humo na kuacha chungu kando ya moto. Mkutano ulikuwa wa siku mbili, nami nilimshukuru Mungu kwa wanawake wenye maneno mengi. Nilichuja kwa kitambaa, nikajaza chupa mpaka pale pale ilipokuwa, nikaifuta na kuirudisha sandukuni ikiwa bado na uvuguvugu, maana mama alikuwa anaonekana tayari njiani. Hakunywa asubuhi ile alikokuwa, kwa hiyo akataka kijiko chake pale pale.

Aliyaweka mdomoni akayaacha kidogo juu ya ulimi. Akafumbua macho, akanitazama.

"Leo ina joto," alisema.

"Ni jua, mama. Sanduku liko dirishani."

Akameza.

Mbwa wa jirani aligundua lile shimo la majivu. Alilamba siku nne, akaanza kung'aa manyoya mpaka watu wakauliza analishwa nini. Hata mbwa alikuwa anamtangaza mdogo wangu.

Nilidhani sasa nitapumzika. Kumbe nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe. Macho ya mama yaliendelea vizuri, na magoti nayo yakapungua kulia, akaanza kwenda shamba la mbali bila fimbo. Na sifa zote zikapanda basi kwenda Tanga.

"Chupa hii kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi nguvu," alimwambia jirani. "Na haiishi upesi!"

Haikuisha kwa sababu mimi niliongeza kidogo kidogo kila alipokwenda kisimani. Nilikuwa mfanyakazi wa mdogo wangu asiyejulikana. Karanga zangu, dagaa wangu, kuni zangu, jina lake. Mara mbili nilifungua mdomo niseme ukweli, na mara mbili niliufunga, kwa kuwa ningeanzaje? Mama, macho yako niliyaponya mimi, na dawa ya mwanao niliimwaga kwenye majivu kwa wivu? Ningepata sifa na laana kwa pamoja.

Msimu wa baridi mdogo wangu akaandika kwamba amepewa likizo. Mama akanituma nikampokee Makambako. Nilipata lori la miwati lililokuwa likienda njia panda ya Makambako, nikakaa juu ya mzigo na upepo ule wa kwetu unaotafuta mifupa. Njia nzima nilikuwa nikimchukia mdogo wangu ninayempenda, na ukungu ulinilowesha mpaka nguo ya ndani.

Basi kutoka Iringa lilifika mchana, limejaa vumbi mpaka madirishani. Alishuka na kofia ya kizungu na sanduku, amekuwa mtu mzima. "Dada!" alisema, akanishika mikono yote miwili, na nikalia kidogo kwa sababu uso wake ulikuwa wa mama. Tukaingia kwenye hoteli ya chai. Alifungua mfuko kunionyesha alichomletea mama. Ilikuwa chupa ya kahawia, kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Umeleta tena?" nilisema, na sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

Hakucheka. "Nimeleta, ingawa amenikataza."

"Nani amekukataza?"

"Mama."

Nilidhani ananitania. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa barua, zimefungwa kwa kamba ya katani. Akazisukuma mbele yangu kati ya vikombe. "Soma. Wewe si ndiye msomi wa nyumba?"

Ulikuwa mwandiko wa mwinjilisti, lakini maneno yalikuwa ya mama, nilimsikia akiyasema. Ya kwanza ilisema, dada yako amenipeleka Njombe kwa miguu, nimeshika bega lake, na hakuniambia amechoka. Ya pili: dada yako ananifichia mayai katika mboga, maganda nayaona nikizoa majivu, nakula, usimwambie. Ya tatu iliandikwa kabla chupa haijafika: juzi nimemtoa kuku jua limezama, ni chakula cha dada yako hicho. Chupa ilipokuja alimshukuru, akasema anaionyesha kwa watu wote. Kisha ikafuata fupi, na hiyo niliisoma mara tatu mpaka chai ikapoa:

"Mwanangu, dada yako amemwaga mafuta yako akatia ya karanga na dagaa. Usikasirike. Yale yako yalikuwa yananichefua, nilikuwa nayameza kwa ajili ya jina lako. Haya ya kwake ni matamu. Usitume mengine. Wala usimwandikie neno. Akiwa hapa mbele ya watu siwezi kumsifu, nimezika watoto wengi, na karibu yangu nimebaki naye huyo mmoja."

Sikuweza kuinua uso. Mdogo wangu alikuwa akikatakata andazi vipande vipande bila kula.

"Unajua kwa nini nilituma chupa?" alisema. "Kila barua ni dada yako, dada yako. Ukurasa mmoja niliwahi kuhesabu, umetajwa mara tisa, mimi nimetajwa kwenye salamu. Nikasema lazima na mimi niwe kitu katika mdomo wa mama. Nilifagia Jumapili nne za ziada ndipo mganga akanipa ile chupa. Halafu naandikiwa kwamba umeimwaga na ya kwako ni tamu zaidi."

"Nisamehe," nilisema.

"Nilikuonea wivu, dada. Mpaka leo nakuonea."

Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini nikizishika zile barua niligundua jambo jingine. Kila neno jema ambalo mama aliwahi kusema juu yangu lilikuwa mfukoni mwa mdogo wangu, limesafiri naye Tanga na kurudi, na mimi sikuwa na hata moja. Wivu ukanyanyuka upya, kama moto uliodhaniwa umezimwa.

"Nipe hii moja," nilimwomba. "Ile ya karanga."

Akainyoosha vizuri, akaiweka katikati ya nyingine, akafunga kamba. "Hapana. Wewe unaye mama mwenyewe, kila siku. Mimi nina hizi tu."

Sikumlazimisha. Nilimbeba mgongoni yule, lakini alikuwa sahihi.

Tulipofika nyumbani mama alimshika uso mdogo wangu kwa muda mrefu, akamwambia amekonda na kofia yake ni mbaya. Chupa mpya aliipokea kwa mikono miwili. Jirani alipokuja hakumsikia mama akimsifu mwanawe wa Tanga hata kwa neno moja, maana sasa mwana mwenyewe alikuwa amekaa pale kwenye kigoda. Mimi nilichukua mtungi nikaenda kisimani. Nilipofika kwenye kona ya ua nilisikia sauti ya mama ikianza, nzito, ya mtu mwenye mengi ya kusimulia, na jirani akisema "Ee!" Nilirudi haraka, mtungi ukiwa nusu. Nilipokaribia mlango sauti ikakatika, na jirani akanitazama kwa macho mapya, akaniuliza kama maji ni mengi mwaka huu.

Kesho yake mdogo wangu alikwenda kumsalimu mwinjilisti. Baada ya sala mama alifungua sanduku. Alitoa chupa ya zamani, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na kitu, katika kuhangaikia safari ya Makambako nilisahau kuongeza.

"Imeisha," alisema, akaninyooshea. "Ijaze."

Nilisimama nikiwa sijui niweke wapi mikono.

"Mama, si ameleta nyingine? Kubwa."

"Ile ni ya kuonyesha wageni." Alikuwa ameshageuka, anatafuta khanga yake. "Vichwa vya dagaa usitoe. Na safari hii ngoja ipoe kwanza, ile ya kwanza iliniunguza ulimi."